Shajara ya mradi: geji ya mafuta ya Land Rover Series IIA ya 1969

Gari ni Land Rover Series IIA, chesisi fupi, injini ya petroli ya lita 2.25, umeme wa volti 12, ncha hasi ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, na bado linatumia dainamo, mtambo wa kizamani wa kuchaji betri. Tangi liko chini ya kiti cha mbele cha kulia na linabeba lita 45. Kwenye dashibodi kuna spidomita, na pembeni yake duara moja lenye geji mbili: joto la maji upande mmoja, mafuta upande wa pili.

Nimeanza kuandika baada ya gari kunizimikia barabarani mshale ukiwa bado juu kidogo ya E, alama ya tangi tupu. Nilifungua kabureta, nikakagua plagi, nikabadilisha kondensa. Baada ya saa nzima nilitikisa gari nikiwa nimeweka sikio kwenye tangi, kukawa kimya. Lilikuwa kavu.

Bei siandiki, maana kila mahali ni tofauti. Ninaandika vitu nilivyonunua na saa nilizotumia, pamoja na vile nilivyonunua bila faida.

2 Machi

Kabla ya kugusa chochote niliandika jinsi geji ilivyokuwa ikisoma siku zote. Tangi likijaa, mshale haufiki F, alama ya kujaa; unaishia kama upana wa vidole viwili vya mtoto chini yake. Likiwa nusu, unasoma nusu au chini kidogo. Likiisha, unabaki juu ya E. Hayo yote niliyazoea nikiamini ni uzee wa geji. Geji ya joto nayo huwa juu kuliko inavyotakiwa, na mwaka jana nilibadilisha themostati, vali inayoongoza joto la maji ya injini, kwa sababu hiyo bila kupata nafuu. Wakati huo sikuona uhusiano wowote kati ya mambo haya mawili.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi, kwa anayefuata: umeme unatoka kwenye swichi, unapita kwenye stabilaiza, kikopo kidogo nyuma ya spidomita kinachoshusha volti hadi wastani wa 10. Unaingia kwenye geji, unatoka kwa waya wa kijani wenye mstari mweusi hadi kwenye senda, kile kifaa chenye mkono na boya kinachokaa ndani ya tangi. Senda ni ukinzani unaobadilika, yaani inazuia umeme kwa kiasi kinachobadilika. Boya likiwa chini ukinzani ni mkubwa, kama omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani), na umeme unaopita ni mdogo. Boya likiwa juu ukinzani unashuka hadi kama omu 20. Kutoka kwenye senda umeme unarudi kwenye hasi ya betri kupitia bati la tangi na chesisi. Njia hiyo ya kurudi ndiyo ninayoiita ethi.

Ndani ya geji hakuna sumaku. Kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata joto, ukanda unapinda, mshale unapanda. Ndiyo maana mshale wa geji hizi hupanda taratibu, na huchukua karibu dakika nzima kutulia.

Nilitoa kiti, nikafungua kifuniko cha bati chini yake, senda ikaonekana juu ya tangi. Swichi ikiwa imewashwa, nikaweka ncha moja ya multimita, kipima umeme, kwenye bati la senda na nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo panatakiwa kusoma sifuri. Nilipata volti 2.6. Nikazima swichi, nikatoa waya wa betri, nikapima ukinzani wa njia hiyohiyo: omu 40. Nilipousukuma tu mkono wa tangi, ule unaolishika kwenye chesisi kwa boliti, ikawa 58, kisha 31.

Saa: mbili. Nililala nikiamini kazi imekwisha.

3 Machi

Nilisugua kwa msasa chini ya skrubu moja ya senda hadi bati likang'aa, nikafunga waya mweusi wa milimita 2.5 kwenda moja kwa moja kwenye boliti ya chesisi ambayo nayo niliisugua. Ukinzani ukawa omu 0.2. Volti kwenye bati la senda: 0.01.

Nikawasha gari. Tangi lilikuwa na lita kama 22, yaani nusu. Mshale ukapanda, ukapita nusu, ukatulia karibu na robo tatu.

Hili lilinivuruga. Nilirekebisha kosa la wazi, lenye namba, na geji ikawa mbaya kuliko mwanzo. Hapa ndipo nilipokosea njia kwa wiki mbili zilizofuata: niliamua kwamba kwa kuwa ethi sasa ni nzuri, basi senda ndiyo mbovu. Ningeketi na kalamu dakika kumi ningeona kwamba ethi mbovu ilikuwa ikipunguza usomaji, na kwamba lazima kuwe na kitu kingine kilichokuwa kikiongeza. Makosa mawili yalikuwa yakifutana katikati ya kipimo, na ndiyo maana nusu ilisoma nusu miaka yote hiyo.

9 Machi

Nilinunua senda ya jumla, zile zinazouzwa kwamba zinafaa gari lolote. Mkono wake unakatwa urefu unaotaka. Kwa bahati sikuifunga kwenye tangi kwanza. Niliiunganisha kwa waya nje, nikainyanyua boya kwa kidole: mshale ukashuka. Nikaliachia boya: mshale ukapanda hadi F.

Nikapima. Boya chini, omu 10. Boya juu, omu 180. Ni senda ya mpangilio mwingine kabisa, ambao tupu ni ukinzani mdogo na kujaa ni ukinzani mkubwa. Senda haina "kufaa gari lolote". Inafaa geji yenye mpangilio wake tu. Kabla ya kununua, toa ile ya zamani, pima boya likiwa chini kabisa, pima likiwa juu kabisa, andika namba mbili kwenye karatasi na uende nazo. Mimi nilifanya hivyo baada ya kununua: ya zamani ilisoma 251 chini na 20 juu, na katikati ilipanda na kushuka bila kuruka. Yaani senda ya zamani haikuwa na kasoro ya umeme hata kidogo.

Senda mpya ipo kabatini. Hasara: senda moja, saa tatu, na gasketi ya koki (lile gome laini la vizibo vya chupa) iliyovunjika nilipoitoa ile ya zamani. Gasketi mpya nilikata mwenyewe.

10 Machi

Kosa kubwa la mradi huu nililifanya leo, na naomba anayesoma asilirudie.

Kuna kipimo cha haraka ambacho mafundi wengi hukitumia: chomoa waya kwenye senda, uguse bodi. Mshale ukienda F, geji na waya ni vizima. Kwa geji za sumaku mtu anaweza kuvumilia hilo. Kwa geji ya ukanda wa joto, kugusa bodi kunaondoa ukinzani wote wa senda, na waya ndani ya geji unabeba umeme kuliko uliokusudiwa. Ukigusa sekunde tano na kuachia, hakuna neno. Mimi niliukaza waya kwenye bodi kwa klipu, nikazunguka kwenda mbele kutazama, nikakuta mlango wa dereva umejifunga, nikazunguka tena. Dakika mbili hivi. Nilipofika, mshale ulikuwa umeegemea kizuizi cha upande wa F.

Nilizima swichi, nikasubiri robo saa. Mshale ulirudi lakini haukufika E. Ulisimama juu yake kwa upana wa mishale mitatu, gari likiwa halina umeme kabisa. Ukanda ulikuwa umepata joto hadi ukachukua umbo jipya.

Nilikaa kwenye kiti cha abiria muda mrefu nikiutazama. Geji hiyo ilifanya kazi miaka zaidi ya hamsini, na niliiharibu mimi.

16 Machi

Wiki nzima nilifikiri juu ya jambo moja: kwa nini joto lilikuwa kali kiasi hicho? Nilipiga hesabu. Ukinzani wa geji yenyewe nilipima, ni omu 65. Kwa volti 10, ukigusa bodi, zinapita kama miliampea 154. Ni nyingi, lakini mshale haupaswi kupigwa hadi kwenye kizuizi kwa nguvu ile. Kwa volti 13.5 ni miliampea 208, na joto hukua kwa mraba wa umeme, kwa hiyo ni karibu mara mbili.

Hapo nikaikumbuka geji ya joto la maji. Geji zote mbili zinalishwa na stabilaiza moja. Zote mbili zikisoma juu, kitu cha kwanza cha kushuku ni kile zinachochangia. Kwa mwaka mzima dashibodi ilikuwa ikinionyesha jibu, nami nikanunua themostati.

Stabilaiza ya zamani haitoi volti 10 tulivu kama betri. Ndani yake kuna ukanda mwingine wa metali mbili wenye waya wa joto na kontakti. Ukipata moto unafunguka, ukipoa unafunga, tena na tena, na wastani wake ni volti 10. Ukiunganisha taa ndogo ya kupimia kwenye mdomo wa kutokea, ulioandikwa I, taa inatakiwa kuwaka na kuzimika. Yangu iliwaka moja kwa moja bila kupepesa. Multimita: 13.4 kwenye mdomo wa kuingilia, B, na 13.4 kwenye I.

Angalau sasa hesabu inakubali. Senda ya nusu tangi, volti 13.5, na omu 40 za ethi mbovu, vinatoa karibu umeme uleule ambao volti 10 zingetoa ethi ikiwa safi. Kwenye E hesabu hiyo haifutani sawasawa, ndiyo maana mshale ulibaki juu tangi likiwa kavu.

23 Machi

Nilimwendea fundi wa redio ninayemheshimu sana. Alinisikiliza, akachukua chipu, kipande kidogo cheusi chenye miguu mitatu, kutoka kwenye kopo la biskuti.

"Hii ni 7810," akasema. "Inaingia chochote juu ya kumi na mbili, inatoka kumi. Weka kapasita mbili, hapa mikrofaradi sifuri nukta tatu tatu, hapa sifuri nukta moja. Mgongo wake ni hasi, kwa hiyo ufunge tu kwenye lile kopo la zamani."

"Na kwa gari la chanya kwenye bodi, fundi?"

"Hapo unatumia 7910. Lakini mgongo wa hiyo si ethi, ni mdomo wa kuingilia. Ukiufunga kwenye bati bila kipande cha kutenganisha, umeunguza."

Naandika maneno yake kwa sababu Land Rover nyingi za kabla ya 1967, na magari mengi ya Uingereza ya wakati huo, yana chanya kwenye bodi.

Nikatoboa kikopo cha stabilaiza ya pili niliyokuwa nayo ya kuchezea, nikafunga chipu ndani, nikalehemu, nikarudisha kwenye gari. Volti kwenye I: 12.1.

Nikasema chipu ni mbovu. Nikaweka ya pili. 12.1.

Hapo nikaacha bisibisi, nikatoka nje. Chipu mbili mpya haziharibiki kwa namna moja. Niliporudi nilipima kitu nilichokuwa nimejifunza tarehe 2 na kukisahau: volti kati ya kikopo cha stabilaiza na hasi ya betri. Panatakiwa sifuri. Palikuwa na volti mbili na zaidi.

Kikopo kinapata ethi kupitia skrubu moja inayokishika. Miaka mitatu iliyopita niliipaka paneli ile rangi mpya, kijivu cha kupendeza, mbele na nyuma, nikarudisha vitu vyote juu ya rangi. Skrubu ilikuwa imekaa juu ya rangi hiyo. Chini yake niliiona pete ya rangi ikiwa nzima, laini, haina hata mkwaruzo. Chipu isiyo na ethi haishushi volti. Inapitisha karibu zote. Na stabilaiza ya zamani isiyo na ethi ni hivyohivyo: waya wake wa joto haupati njia ya kurudi, ukanda haupati moto, kontakti haifunguki kamwe.

Nilikwangua rangi kwa kisu hadi kwenye bati, nikaongeza waya mweusi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye nguzo ya ethi ya dashibodi. Volti kwenye I: 10.02. Geji ya joto ikashuka, ikakaa katikati kama gari jipya.

Saa: sita. Hasara: chipu moja ya ziada.

24 Machi

Usiku wa jana niliendesha. Gari likisimama kwenye mataa, taa kubwa zikiwa zimewaka, geji zote mbili zilishuka taratibu. Nikikanyaga mafuta, zinapanda.

Sababu ni dainamo. Injini ikiunguruma polepole dainamo haichaji, na baada ya nyaya za umri huu volti zilizofika nyuma ya spidomita zilikuwa 11.6. Chipu ya 7810 inahitaji takriban volti mbili juu ya inachotoa. Ikipata 11.6 haiwezi kutoa 10 kamili. Kwa gari lenye oltaneta, mtambo wa kuchaji uliokuja baada ya dainamo, sidhani kama mtu angeona tofauti. Kwa la dainamo inaonekana kila mara unaposimama. Zipo chipu za aina ya LM2940 ya volti 10 zinazoridhika na nafasi ndogo zaidi, ila hizo zinataka kapasita kubwa upande wa kutokea, mikrofaradi 22 au zaidi.

Kabla ya kuitafuta, nikaichukua stabilaiza ya asili, ile niliyoihukumu tarehe 16. Nikaifunga mezani na betri, safari hii na ethi kwenye kikopo chake, taa ya kupimia kwenye I. Taa ikawaka. Sekunde chache. Ikazimika. Ikawaka. Nilisikia hata mlio wake mdogo, tiki, tiki, nikitega sikio.

Ilikuwa nzima miaka yote mitatu. Nimeirudisha kwenye gari.

30 Machi

Leo ni kurekebisha geji niliyoipinda.

Nyuma ya geji za aina hii, za kampuni ya Smiths, kuna vitundu viwili vidogo vilivyozibwa na vipande vya koki. Ndani ya kila kimoja unaona meno madogo kama ya gia. Kimoja kinahamisha upande wa E, kingine upande wa F. Huzungushwa kwa bisibisi nyembamba sana, kidogo kidogo, kama mtu anayeweka saa ya mkono.

Badala ya senda nilitumia rezista, vipande vya ukinzani usiobadilika, za namba zinazojulikana. Kwa E niliunganisha 220 na 33 mfululizo, jumla 253. Kwa nusu, 68. Kwa F, 10 mbili mfululizo, jumla 20. Rezista za kwanza zilikuwa za robo wati, na ile ya 68 ilianza kunuka baada ya dakika moja. Hapo inabeba karibu wati 0.4. Tumia za wati moja.

Utaratibu nilioufikia baada ya kuharibu marekebisho mara kadhaa: weka ya E, subiri dakika tatu, rekebisha. Weka ya F, subiri dakika tatu, rekebisha. Rudi E, kwa sababu ukigusa F, E nayo inasogea. Nilizunguka hivyo mara saba. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutosubiri: nilirekebisha mshale uliokuwa bado unatembea, nikajikuta ninaufukuza huku na huku. Saa ya ukutani ilinisaidia kuliko bisibisi.

Mwisho: 253 inakaa kwenye E, 20 inakaa kwenye F, na 68 inasoma nusu, juu kidogo kwa nusu ya upana wa mshale. Nimekubali. Koki nimezirudisha ili vumbi lisiingie.

6 Aprili

Geji ni sahihi, stabilaiza ni sahihi, ethi mbili ni safi. Nikajaza tangi. Mshale ukasimama chini ya F.

Nikatoa senda. Nikalitikisa boya karibu na sikio: *chwa, chwa*. Kuna petroli ndani yake. Boya hili ni la shaba, pande mbili zilizounganishwa kwa lehemu, na likiwa na petroli tumboni linaelea chini kuliko uso wa mafuta. Kwenye mizani ya jikoni lilikuwa gramu 34.

Kutafuta tundu: nje, mbali na moto wowote, nililizamisha kwenye maji ya moto. Petroli iliyo ndani inageuka mvuke, na mvuke unatafuta pa kutokea. Mstari mwembamba wa mapovu ulitoka kwenye mshono, mahali ambapo jicho halikuona chochote. Nikaweka alama kwa msumari.

Kulehemu boya lenye petroli ni kutafuta mlipuko, kwa hiyo nilitoboa tundu la milimita moja upande wa pili, nikalimwaga, nikaliacha juani siku nzima, nikalisafisha kwa maji ya moto mara tatu, nikaliacha tena hadi likakosa harufu. Gramu 25. Nilitumia chuma cha kulehemu cha umeme kilichokwisha kuchomolewa kwenye ukuta, kikiwa bado na moto wake.

Mara ya kwanza nilianza na lile tundu nililotoboa, kisha nikaenda kwenye mshono. Lehemu ilipoyeyuka tu kwenye mshono, ikatoboka katikati na kutoa pumzi. Nikajaza tena, ikatoboka tena. Hewa ndani ya boya ikipata joto inapanuka, na ikikosa njia inapita kwenye lehemu laini. Suluhisho ni kugeuza mpangilio: ziba mshono kwanza, tundu la milimita moja likiwa wazi ili boya lipumue. Liache lipoe kabisa. Ndipo uzibe tundu kwa tone moja, gusa na uondoe, kabla mwili wa boya haujapata moto.

Lehemu ya ziada nimeikwangua, maana kila gramu inalishusha boya. Sasa ni gramu 26. Kwenye maji ya moto hakuna povu hata moja. Kuelea nimelipima kwenye petroli, si kwenye maji. Petroli ni nyepesi, na boya linaloelea vizuri kwenye maji linaweza kukudanganya.

Wenye magari ya zamani zaidi watakuta boya la koki lililopakwa shelaki, aina ya vanishi. Petroli yenye ethanoli huiyeyusha shelaki hiyo, koki inaanza kunywa mafuta, na mabaki yanaelekea kwenye kabureta. Hilo usilipake tena shelaki, badilisha boya.

13 Aprili

Siku niliyoisubiri. Tulimwaga tangi lote, mdogo wangu akashika dumu la lita tano lenye alama, mimi nikashika multimita. Gari lilikuwa kwenye sakafu iliyo sawa. Kila baada ya lita tano tulisubiri mafuta yatulie, nikachomoa waya, nikapima senda, nikarudisha waya, tukasubiri mshale.

| Lita | Omu | Mshale |
|---|---|---|
| 0 | 250 | E |
| 5 | 188 | juu ya E |
| 10 | 141 | chini kidogo ya robo |
| 15 | 107 | kati ya robo na nusu |
| 20 | 79 | karibu na nusu |
| 25 | 61 | juu ya nusu |
| 30 | 47 | kati ya nusu na robo tatu |
| 35 | 36 | robo tatu na zaidi kidogo |
| 40 | 27 | chini ya F |
| 45 | 21 | F |

Kwenye lita 20 mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, kwa nini tusifanye hivi siku ya kwanza?" Ni swali la haki. Jedwali hili lingenionyesha siku ya kwanza kwamba senda inafuata mafuta bila kuruka, ila inachelewa kwa kiasi kilekile kila mahali isipokuwa chini kabisa. Hiyo ni dalili ya boya zito, si ya senda mbovu.

Kwa wenye magari mengine: utaratibu ni uleule, namba ndizo zinabadilika. Magari ya General Motors ya kabla ya 1965 mara nyingi ni omu 0 tupu na 30 likijaa, baadaye 0 na 90, na geji zake ni za koili mbili zinazovutana, hazihitaji stabilaiza. Ford nyingi za Marekani za kuanzia 1956 hadi katikati ya miaka ya 1980 ni kama 73 tupu na 10 likijaa, na stabilaiza yake ni ya volti 5, kwa hiyo ukiilisha geji hiyo volti 12 unaiua. Njia ya haraka ya kujua ni kasi ya mshale: ukiruka mara unapowasha swichi ni sumaku, ukipanda polepole ni ukanda wa joto. Mwenye Ford Model A hahitaji lolote kati ya haya. Tangi lake liko nyuma ya dashibodi yenyewe, na boya linazungusha geji moja kwa moja bila waya.

1 Juni

Wiki saba. Nimejaza mafuta mara tano na kila mara nimeandika mshale ulipo kabla ya kujaza na lita zilizoingia. Tofauti kubwa kabisa na jedwali ni lita mbili, na ilikuwa gari likiwa limeegemea upande.

Vilivyohitajika kweli: waya mweusi mita moja na nusu, skrubu mbili za kusuguliwa, gasketi ya koki, na tone la lehemu. Vilivyonunuliwa bila faida: themostati, senda ya jumla, chipu mbili. Saa zote ni 31, na kati ya hizo zaidi ya ishirini zilikuwa za kutafuta kosa mahali ambapo halikuwepo au kurekebisha niliyoharibu mwenyewe.

Kimebaki kitu kimoja. Chini ya boliti za tangi kutu bado ipo. Waya wangu unaizunguka tu. Tangi likishuka siku nyingine kwa kazi yoyote, nitasugua mikono yote minne na kupaka grisi ya umeme, kisha nitapima tena kutoka kwenye bati la senda hadi kwenye hasi na kuandika namba hapa.

Jana mshale ulikuwa robo. Zimeingia lita 33.